Tiba ya Homoni Baada ya Kukoma Hedhi: Aina za Dawa na Hukumu Zake

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Baada ya darsa moja ya akina mama alinijia mwanamke mwenye umri wa miaka 53, akiwa na karatasi aliyopewa na daktari. Daktari alikuwa amemwandikia aina tatu za dawa ya homoni, akamwambia azifikirie kisha arudi waamue pamoja. Kwa muda wa miezi minane alikuwa hapati usingizi. Joto lilimpanda ghafla kifuani na usoni, shuka zikilowa jasho, na mambo ya ndoa yamekuwa maumivu matupu. Kabla ya kunijia mimi alikwisha muuliza imamu wa mtaani kwake, naye alimjibu kwa maneno mafupi: "Hizo dawa ni mkojo wa farasi. Zitupe, uvumilie, huo ni uzee." Mama yule akaniuliza: "Sheikh, nivumilie mpaka lini? Na je, zote tatu ni mkojo wa farasi?"

Swali lake la pili ndilo lenye fiq-hi. Jibu ni kwamba zote tatu si sawa, na mwenye kuzikusanya katika hukumu moja hakuzijua. Katika makala haya tutaeleza, kwa tawfiki ya Allah, aina za dawa hizi na tofauti zake kwa kauli ya matabibu, kisha tutazame ni mas-ala gani ya twahara, swala, saumu na eda yanayofungamana na kila aina. Lengo letu ni kumsaidia imamu anayeulizwa mas-ala haya asijibu kwa kubahatisha.

1. JE, HUU NI UGONJWA AU NI UZEE TU?

Mwenyezi Mungu (S.W.) amewataja katika Suratut Talaq, aya ya 4, wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi, akaweka eda yao kuwa miezi mitatu. Kutokana na aya hiyo mafaqihi wakauita umri huo sinnul-ya's, yaani umri wa kukata tamaa ya hedhi. Basi kukoma hedhi ni katika maumbile aliyoyapanga Mwenyezi Mungu, wala si aibu wala si ugonjwa.

Matabibu wanasema kwamba mwanamke amefikia ukomo wa hedhi pale inapopita miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo sababu nyingine. Kwa wanawake walio wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Sababu yake ni kuwa ovari huacha kutoa mayai, na homoni ya estrojeni ikapungua sana mwilini. Wapo wanaopita kipindi hiki bila taabu. Wapo wanaopata joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, huzuni, ukavu ukeni na mikojo ya mara kwa mara. Na mifupa hupoteza nguvu taratibu bila mwenyewe kujua, mpaka siku atakayoanguka ndipo nyonga ivunjike.

Ama kauli ya kuwa "uzee hauna dawa", asili yake ni Hadithi ya Usama bin Sharik (R.A.), aliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Humo Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akabainisha kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa mmoja, nao ni ukongwe. Lakini tuizingatie vizuri. Lisilo na dawa ni uzee wenyewe: hakuna dawa ya kumrudisha mzee ujanani. Madhara yanayokuja pamoja na umri yanaingia katika amri ile ile ya kujitibu. Mzee anayevaa miwani haupingi uzee, wala anayetibiwa mtoto wa jicho. Na hivyo hivyo mwanamke anayetibu kukosa usingizi na maumivu hakusudii kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, bali anaondoa dhara. Na dhara, kwa kanuni mashuhuri ya fiq-hi, huondolewa.

Na yupo mwanamke mwingine ambaye hali yake ni nzito zaidi: yule ambaye hedhi yake imekoma kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa ovari kwa upasuaji. Huyu, ikiwa hana kizuizi cha kitabibu, madaktari humshauri atumie homoni angalau mpaka afikie umri ambao wenzake hukoma hedhi, ili kuhifadhi mifupa na moyo wake. Kumwambia mwanamke wa miaka 36 "vumilia uzee" ni kumdhulumu.

2. AINA ZA DAWA HIZI

Dawa kubwa ni estrojeni, kwa kuwa ndiyo iliyopungua. Lakini estrojeni ikitumika peke yake hunenepesha utando wa ndani wa kizazi, na mwaka 1975 ilibainika katika tafiti za Marekani kwamba inaongeza saratani ya kizazi. Kwa hiyo mwanamke mwenye kizazi ni lazima apewe pamoja nayo homoni ya pili, projesteroni au mfano wake, ili kuulinda utando huo. Aliyeondolewa kizazi kwa kawaida hutosheka na estrojeni peke yake.

Estrojeni inapatikana kwa maumbo haya:

(a) Vidonge vya kumeza. Hivi ni namna mbili. Namna ya kwanza ni estrojeni iliyotolewa katika mkojo wa farasi majike wenye mimba. Dawa mashuhuri ya namna hii, Premarin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1942, na jina lake lenyewe limetokana na maneno yenye maana ya mkojo wa farasi wenye mimba. Namna ya pili ni estradioli, ambayo ni sawa na ile inayotengenezwa na mwili wa mwanamke. Hii hutengenezwa kiwandani, na aghlabu kutokana na mimea kama soya na viazi vikuu vya mwituni. Basi imamu yule hakusema uongo kuhusu mkojo wa farasi, ila alikijua kidonge kimoja akakidhania kuwa ndicho dawa zote.

(b) Plasta ya kubandika ngozini, chini ya kiuno au kwenye makalio, inayobadilishwa mara moja au mbili kwa wiki. Zipo zenye estrojeni peke yake na zipo zenye homoni zote mbili.

(c) Jeli ya kupaka kila siku mkononi, begani au pajani.

(d) Dawa ya kuweka ukeni: krimu, kidonge kidogo au pete laini inayokaa miezi mitatu. Kwa kipimo kidogo, hii hutibu ukavu, maumivu na matatizo ya mkojo, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo mno. Haiondoi joto la ghafla wala haitegemewi kulinda mifupa. Aghlabu haihitaji kuambatana na projesteroni.

Ama projesteroni, hutolewa kwa vidonge, kwa kapsuli, ndani ya plasta yenye mchanganyiko, au kwa kitanzi chenye homoni kinachowekwa ndani ya kizazi.

3. KAULI YA MATABIBU KATIKA KUCHAGUA

Mwaka 2002 ulisimamishwa kabla ya wakati wake utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 waliopewa ama vidonge vya estrojeni ya farasi pamoja na projesteroni ya kutengenezwa, ama vidonge visivyo na dawa. Ilionekana kwamba katika kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, waliongezeka 8 wenye saratani ya matiti, 8 wenye kiharusi, 8 wenye madonge ya damu mapafuni na 7 wenye maradhi ya moyo. Walipungua 5 waliovunjika nyonga na 6 wenye saratani ya utumbo mpana. Habari hiyo ilienea duniani, na wanawake wengi wakaacha dawa kwa khofu.

Baadaye wataalamu waliyarudia matokeo hayo kwa utulivu. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, yaani walio wengi walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma. Tena walipewa umbo moja tu la dawa. Fungu la pili la utafiti huo, la wanawake wasio na kizazi waliopewa estrojeni peke yake, lilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka kwao. Kauli inayotegemewa leo ni kuwa kwa mwanamke mwenye afya, wa chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa na dalili, kwa kawaida manufaa ni makubwa kuliko madhara. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililokuwa likiwekwa kwenye dawa hizi, na ikalibakisha onyo la saratani ya kizazi kwa estrojeni inayotumika peke yake.

Umbo la dawa nalo lina athari. Kidonge kinachomezwa hupita kwanza kwenye ini, nalo huchochewa kutoa vitu vinavyogandisha damu. Plasta na jeli huingia kwenye damu kupitia ngozini bila kuanzia kwenye ini. Tafiti za kufuatilia watumiaji hazikuona kwa plasta na jeli ule ongezeko la madonge ya damu linaloonekana kwa vidonge. Kwa hiyo mwanamke mnene, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au kipandauso, mara nyingi hushauriwa atumie dawa ya ngozini badala ya ya kumeza.

Na wapo ambao tiba hii kwa kawaida haiwafai: aliyepata saratani ya matiti, mwenye maradhi makali ya ini, aliyepatwa na kiharusi au donge la damu, na anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijajulikana. Hao wanazo dawa nyingine zisizo za homoni, na daktari ndiye wa kuwaelekeza. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud na nyinginezo kwamba mwenye kumtibu mtu hali haijui tiba, atadhamini madhara aliyoyasababisha. Hadithi hii inamgusa muuza dawa za majani asiyejua anachouza, na inamgusa pia mwenye kilemba anayesema "tumia" au "tupa" bila elimu.

4. NAJISI NA VITU VYA HARAMU NDANI YA DAWA

Tuanze na estrojeni ya farasi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, nyama ya farasi ni halali, lakini mkojo wa kila mnyama ni najisi, awe anayeliwa au asiyeliwa. Hanbali wao wanaona mkojo wa mnyama anayeliwa ni twahara, na farasi kwao analiwa. Wafuasi wa Imamu Shafii wameifahamu Hadithi ya watu wa Urayna, walioamrishwa kunywa maziwa na mikojo ya ngamia, kuwa ni ruhusa ya kujitibu kwa najisi. Imamu Nawawi ameeleza katika Al-Majmuu kwamba ruhusa hiyo ni pale pasipopatikana dawa twahara ya kuchukua nafasi yake, na mgonjwa awe anajua tiba au ameambiwa na tabibu Mwislamu mwenye kuaminika.

Sharti hilo ndilo linalotuamulia mas-ala haya. Estradioli ipo, asili yake si mkojo, na inafanya kazi ile ile. Basi anayeweza kuipata asiende kwenye estrojeni ya farasi. Na kama katika mji wake haipatikani ila ile ya farasi, na daktari mwaminifu ameona anaihitaji, basi ruhusa ya Imamu Nawawi inamfikia, na kauli ya Hanbali inampa wasaa. Hatuambiwi tuitupe dawa mwanamke akabaki na dhara.

Mas-ala ya pili ni jelatini ya kapsuli za projesteroni. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Amman mwaka 1986 iliamua kwamba haifai kutumia jelatini ya nguruwe katika vyakula, kwa kuwa ya mimea na ya wanyama waliochinjwa kisheria inatosheleza. Nayo nadwa ya fiq-hi na tiba iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 iliona kwamba kitu kikigeuka kabisa dhati yake, yaani istihala, hukumu yake hugeuka, na ikaiingiza jelatini humo. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelibana sana jambo la istihala. Njia ya salama ni kumwuliza mfamasia asili ya jelatini hiyo. Ikijulikana kuwa ni ya nguruwe, au ikishindikana kujulikana na moyo ukaingia shaka, projesteroni ipo katika vidonge, plasta na kitanzi. Ikiwa hakuna linalomfaa ila kapsuli hiyo, hapo inakuja hukumu ya haja na kauli ya waliotazama istihala.

Mas-ala ya tatu ni spiriti iliyomo katika jeli, ambayo hukauka muda mfupi baada ya kupakwa. Nadwa ile ya Kuwait iliona kuwa alkoholi si najisi kisheria. Mwenye kutaka kutoka katika khilafu apake baada ya swala ya Isha, kisha aoshe mahali hapo kabla ya Alfajiri. Lakini aiache ngozini angalau saa moja kwanza, maana ikioshwa mapema dawa hupotea.

5. UDHU NA JOSHO

Plasta haibandikwi kwenye viungo vya udhu, kwa hiyo udhu hauna tatizo. Tatizo ni josho la janaba na la hedhi, kwani ni wajibu maji yafike kwenye ngozi yote. Plasta haifanani moja kwa moja na bandeji ya aliyevunjika, kwa sababu inaweza kutolewa bila kumdhuru mtu. Basi aivue, aoge, kisha ngozi ikishakauka abandike nyingine. Ikiwa siku ya kuibadilisha i karibu, jambo ni jepesi zaidi. Aoshe pia mabaki ya gundi yanayozuia maji.

Mke anayeona kwamba kuvua na kubandika mara kwa mara kunamchosha au kunampotezea dawa, amweleze daktari wake wazi kuwa ana josho la wajibu. Jeli haina uzito huu: huingia ndani ya ngozi wala haiachi kizuizi baada ya kuoshwa. Ni mfano mzuri wa jambo dogo la ibada linaloweza kuamua kati ya maumbo mawili ambayo kwa daktari ni sawa.

6. SAUMU

Vidonge hunywewa usiku, na hilo halina mzozo. Ama plasta, jeli na krimu za ngozini, Majmaa ya Fiq-hi katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 ilitaja waziwazi kwamba kinachoingia mwilini kwa kufyonzwa na ngozi hakifunguzi. Katika kikao hicho hicho ilitaja kuwa dawa za kuweka ukeni nazo hazifunguzi. Lakini katika madhehebu ya Shafii, kinachoingizwa katika tundu lililo wazi hufunguza. Kwa hiyo tunamshauri mwanamke wa kwetu aiweke dawa hiyo usiku, jambo ambalo ni jepesi, kwani aghlabu huwekwa wakati wa kulala. Pete ya miezi mitatu iwekwe usiku au kabla ya Ramadhani, na kukaa kwake ndani mchana hakudhuru.

7. DAMU INAYOTOKA KWA SABABU YA DAWA

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na swala za watu ziko hatarini. Homoni hutolewa kwa mipango miwili. Katika mpango wa kwanza estrojeni hutumiwa kila siku, na projesteroni kwa siku 12 hadi 14 katika kila mwezi. Siku hizo zikiisha, damu hutoka mfano wa hedhi. Katika mpango wa pili homoni zote mbili hutumiwa kila siku bila kukatiza, na makusudio yake ni kutoona damu kabisa. Mpango huu kwa kawaida hupewa aliyekwisha timiza mwaka bila hedhi. Hata hivyo katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo anaweza kuona damu kidogo kidogo isiyo na mpangilio.

Je, damu hiyo ni hedhi? Wanavyuoni wametofautiana kuhusu umri wa mwisho wa hedhi. Kauli mashuhuri kwa Hanbali ni miaka 50, na kwa Hanafi 55. Kwa Shafii hedhi haina mpaka wa umri, na miaka 62 ya Hijria, takriban 60 ya Miladia, ni ya ghalibu tu. Kwa hiyo mwanamke wa Kishafii mwenye kizazi akiona damu inayotimiza masharti, huchukuliwa kuwa ni hedhi hata kama imeletwa na dawa. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema zamani kwamba mwanamke akinywa dawa ya kuleta hedhi na ikaja, hukumu yake ni ya mwenye hedhi wala halipi swala.

Masharti yenyewe ni haya: damu isipungue, kwa kujumlishwa, saa 24, isizidi siku 15, na iwe imetanguliwa na twahara isiyopungua siku 15. Basi damu ya mpango wa kwanza, inayokuja kila mwezi kwa siku nne au tano, ni hedhi: ataacha swala na saumu, na ataoga ikikatika. Ama matone ya mpango wa pili, ambayo hata yakijumlishwa ndani ya siku 15 hayafiki saa 24, ni istihadha. Huyo hasamehewi swala hata moja. Atajisafisha, ataweka pamba au pedi, atatia udhu baada ya kuingia wakati wa kila faradhi, na ataswali. Nimekutana na wanawake walioacha kuswali wiki nzima kwa tone moja kwa siku, na wengine walioswali na kufunga katika hedhi kamili kwa kuambiwa kuwa "mzee hana hedhi". Wote wawili hawakupata wa kuwauliza: ni saa ngapi, ni siku ngapi, na ni mpango gani wa dawa?

Mwenye nia ya kwenda Hijja au Umra naye azingatie jambo hili. Akianza mpango wa pili wiki chache kabla ya safari, huenda damu ya mwanzo ikamtatiza katika twawafu. Aanze mapema, miezi sita au zaidi kabla yake.

Imamu akishamaliza kutoa hukumu ya swala, asisahau neno moja la nasaha: mwanamke aliyekoma hedhi mwaka mzima, naye hatumii homoni, kisha akaona damu, hata tone, aende hospitali. Vilevile anayetumia homoni ambaye damu imeendelea kupita miezi sita, au imeanza upya baada ya kukatika. Inaweza kuwa si kitu, na inaweza kuwa ni dalili ya saratani ya kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika.

8. EDA YA ANAYETUMIA HOMONI

Mwenye kupata hedhi huhesabu quruu tatu, na aliyekata tamaa huhesabu miezi mitatu. Akianza kuhesabu miezi kisha hedhi ikamjia kabla haijatimia, hurejea kwenye quruu. Sasa mwanamke wa miaka 54 akiachwa naye anatumia mpango wa kwanza na anaona damu kila mwezi, au hedhi yake imekatika lakini hajafika miaka 62, mambo yanakuwa mazito. Katika kauli mpya ya Imamu Shafii, ambaye hedhi yake imekatika bila sababu inayojulikana hungoja mpaka imrudie au afike umri wa kukata tamaa. Katika kauli inayotokana na hukumu ya Sayyidna Umar (R.A.), iliyoshikwa na Imamu Malik, hungoja miezi tisa kisha miezi mitatu. Baina ya kauli hizo kuna tofauti ya miaka kadhaa ya maisha ya mtu, na ndani yake mna haki za nafaka, kurejeana na kurithiana. Haya asiyaamue imamu wa msikiti peke yake baina ya Magharibi na Isha. Ayapeleke kwa Kadhi au kwa mwanachuoni mkubwa, na mwanamke apeleke pia jina la dawa, mpango wake na tarehe alizoona damu.

9. KUSITIRI UCHI WAKATI WA TIBA

Kitanzi na uchunguzi wa kizazi huhitaji kufunuliwa uchi. Majmaa ya Fiq-hi katika kikao cha Brunei mwaka 1993 ilipanga hivi: atafutwe daktari mwanamke wa Kiislamu, asipopatikana, mwanamke asiyekuwa Mwislamu mwenye kuaminika, kisha mwanamume wa Kiislamu, kisha mwanamume asiyekuwa Mwislamu. Asifunue ila kiasi cha haja, na kwa mwanamume pasiwe na faragha. Kukosekana daktari mwanamke hakuwi sababu ya kumwacha mgonjwa bila tiba.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, ukiyatazama haya utaona kwamba takriban kila kizito cha kisheria kimo katika umbo moja la dawa, na wepesi wake umo katika umbo jingine. Mwenye kukimbia mkojo wa farasi anayo estradioli. Anayeshaka na kapsuli anacho kidonge au kitanzi. Anayetaabika na plasta katika josho anayo jeli. Anayechanganyikiwa na damu ya kila mwezi anao mpango usio na damu, daktari akiuridhia. Kwa hivyo neno la kwanza la imamu lisiwe "acha dawa". Amwambie: "Rudi kwa daktari, umwulize kama lipo umbo lingine." Daktari ndiye anayejua lipi litamdhuru, na sisi tunamwonyesha lipi litamrahisishia ibada yake. Mwanamke huchagua baina ya yale ambayo elimu zote mbili zimeyaridhia.

Ama yule mama, alirudi kwa daktari na maswali yake yameandikwa. Kwa kuwa ana shinikizo la damu, daktari alimwekea kando vidonge vya kumeza. Baina ya plasta na jeli akachagua jeli, kwa ajili ya josho. Kwa kulinda kizazi akawekewa kitanzi chenye homoni na daktari wa kike. Baada ya miezi miwili alikuja tena kwenye darsa, naye aliniuliza swali jingine kabisa, la zaka ya mahindi. Sikumwuliza habari za usingizi, lakini alikuwa amekaa safu ya mbele, hasinzii.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kufahamu dini yake. Wallahu aalam.